Boti zinatengenezwa upya, lakini batri inabaki ya gari: safari ya usiku ziwani inategemea nini?

Kando ya Ziwa Kivu, toka Kituku mpaka Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu, hakukosekani boti ya mbao iliyovutwa inchi kavu ili itengenezwe. Mbao zilizooza zinatolewa, nafasi kati ya mbao zinazibwa, rangi mpya inapakwa, jina linaandikwa tena kwa herufi kubwa. Kisha mwenye boti anaita fundi wa umeme. Na hapo, kazi iliyochukua majuma mingi inamalizika kwa haraka ya saa mbili: batri moja ya gari, mara nyingi ya okazyo, inasukumwa chini ya kiti cha nahodha, nyaya mbili zinaviringishwa juu yake kwa mkono, taa zinawaka, muziki unalia, kila mtu anafurahi. Boti inarudi majini.

Tunaongea leo juu ya ile batri. Wengi wanaiona kama kitu cha mwisho, kitu cha kununua na makuta iliyobaki. Lakini ni yenyewe inaamua mambo yatakuwa namna gani siku moteri itazimika usiku katikati ya ziwa: kama boti itabaki na taa ya kuonekana, pompi ya kutoa maji na namna ya kuita msaada, ao kama itabaki giza tupu na watu ndani.

Kwa nini swali hili lina uzito zaidi sasa? Kwa sababu ziwa limekuwa barabara. Wakati vita ilifunga njia ya Goma kwenda Sake na Minova mwanzoni mwa mwaka 2024, mihogo, ndizi, maharagwe na watu wenyewe walianza kupita majini. Boti zilizojengwa kwa kupeleka mizigo ya soko mara mbili kwa juma zikajikuta zinatembea karibu kila siku. Kitu kinachotumika zaidi kinachoka zaidi, na ndio maana kazi ya kutengeneza boti haiishi.

Tuseme jambo moja mapema ili tusidanganyane. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mchana, watu wa inchi kavu wakiangalia. Liwali wa Kivu ya Kusini alitangaza siku ile wafu 78 na watu 278 waliokuwa ndani. Upande wa Kivu ya Kaskazini walitoa hesabu nyingine, na mpaka leo hesabu za majimbo mawili hazijakutana. Boti ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Hakuna batri, hata ya bei kali namna gani, ingeweza kuisaidia. Vilevile mwezi wa nne 2019, boti ilizama upande wa Kalehe. Rais Tshisekedi alifika kule na akaamuru kila msafiri avae jile. Ile amri haikuhusu umeme, na ilikuwa na haki: jile na hesabu ya watu vinakuja mbele. Mwenye boti ambaye ananunua batri mpya ili aendelee kupakia watu mara mbili ya nafasi, huyo hajatengeneza chombo, amepamba jeneza.

Lakini ajali haina mlango mmoja. Kuko boti ambayo moteri inazimika na mawimbi yanaipeleka. Kuko ile inayogongana na mtumbwi wa wavuvi wa sambaza kwa sababu moja kati yao haikuwa na taa. Kuko ile inayoingiza maji polepole, saa tano, saa sita, mpaka vijana wawili wanaotoa maji na bidoni iliyokatwa wanachoka. Katika hizo zote, batri iko na neno la kusema.

Shida ya kwanza ni kwamba batri ya gari haikuumbwa kwa kazi hiyo. Tunaonaka sanduku zinafanana, volti 12 hapa, volti 12 pale, tunafikiri ni kitu kimoja. Ndani haziko sawa. Batri ya kuwasha moteri iko na vibao vya risasi vyembamba na vingi, ili itoe nguvu kubwa sana kwa nukta chache: unazungusha ufunguo, moteri inashika, basi, kazi yake imeisha, moteri inaanza kuirudishia. Batri ya kutumika usiku mzima, ile mafundi wanaita ya pano za jua, iko na vibao vinene. Haitoi nguvu kubwa kwa mara moja, lakini inakubali kupunguzwa polepole na kujazwa tena, mara mamia.

Ukichukua ile ya kwanza na kuifanyisha kazi ya pili, kila usiku taa zote, radio, simu za watu kumi, asubuhi haina kitu, itakufa kabla mwaka kuisha. Halafu mwenye boti analalamika kwamba batri za siku hizi ni mbaya. Batri haikuwa mbaya. Ilikuwa kama mtu wa kukimbia mita mia anayelazimishwa kubeba mfuko wa simenti toka Goma mpaka Sake.

Shida ya pili ni mbaya zaidi: batri iko moja. Inawasha moteri, inawasha taa, inalisha muziki. Usiku mmoja moteri inazimika kwa sababu ya esanse chafu, jambo ambalo linatokea kila mara kwetu. Fundi anasafisha, anataka kuwasha, na batri imekwisha kunywewa na taa na muziki. Moteri ndogo za nje inawezekana kuvuta kwa kamba. Zile kubwa, na zile za mazutu zilizo ndani ya boti, hapana. Ndio maana kanuni ya kwanza ya mtu anayetengeneza boti yake ni hii: batri mbili ambazo hazikutani. Moja ya moteri peke yake, hakuna mtu anaigusa, hata kwa kusharji simu ya nahodha. Nyingine ya taa, pompi na mengine yote. Hata kama hauna makuta ya kufanya kitu kingine chochote katika habari hii, fanya hicho.

Sasa ukubwa gani? Hapa watu wanasemaka tu: nipe kubwa. Kuhesabu ni bora, na haihitaji masomo ya juu. Tuchukue mfano wa boti ya mbao ya watu na mizigo, inayosafiri usiku kucha, saa 10 hivi. Taa tatu za alama, nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kuume, nyeupe nyuma, zikiwa za LED za wati 3 kila moja: wati 9, mara saa 10, ni wati-saa 90. Taa nne za ndani za wati 6: wati-saa 240. Radio ya mawasiliano ikiwa inasikiliza zaidi kuliko kuongea: kama wati-saa 60. Simu za wafanyakazi wa boti: 50. Pompi ya maji inayokula amperi 4, ikitumika jumla ya saa moja usiku mzima: 48. Unajumlisha, unapata wati-saa 488. Unagawa kwa volti 12, inakuwa karibu amperi-saa 41.

Mwenye haraka atasema basi batri ya amperi-saa 45 inatosha. Haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, batri ya risasi haipashwe kushuka chini ya nusu. Ukiishusha kila siku mpaka mwisho, unaiua. Kwa hiyo 41 inakuwa 82. Pili, tulihesabu usiku mzuri. Usiku mbaya, ubao umeachia, pompi haitumiki saa moja, inatumika saa 6 bila kusimama. Amperi 4 mara saa 6 ni amperi-saa 24, na hizo ndizo ambazo kweli unazinunua, zile zingine ni starehe. Basi amperi-saa 100 kwa batri ya risasi ndiyo kipimo cha chini kwa boti ya namna hiyo, na usiku ule mbaya taa za ndani zinazimwa ili pompi ipate kula.

Angalia pia kitu ambacho hakimo katika hesabu: muziki mkubwa, televizyo, frigo ya vinywaji. Siko na ubaya na muziki, safari ni ndefu. Lakini spika za wati 200 zikilia saa 10 zinaweza kula kuliko taa, radio na pompi zote pamoja mara kadhaa. Mwenye boti anayetaka muziki anunue batri ya muziki, ya tatu, na ikiisha wimbo unaisha, hakuna aliyekufa.

Kisha inakuja swali ambalo wauzaji wa vifaa vya jua wa Goma na Bukavu wanalisikia kila siku: risasi ao litiumu? Batri ya litiumu inayofaa kwa boti ni ile ya aina ya chuma na fosfati, wanaandika LiFePO4 juu ya sanduku. Uzuri wake ni wa kweli. Batri ya risasi ya amperi-saa 100 iko na uzito wa kilo 25 mpaka 30. Ya litiumu ya kipimo kilekile, kilo 11 mpaka 13. Ya risasi unatumia nusu, ya litiumu unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, ni kusema kwa hesabu yetu ya juu, 41 ya kila usiku inaomba litiumu ya 51 tu, na ukiongeza ile akiba ya pompi unafika 80. Ya risasi nzuri inavumilia kujazwa na kupunguzwa nusu mara 400 ao 600. Litiumu, mara 2.000 na kupita. Boti inayosafiri usiku tatu kwa juma inafanya mara 150 kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe.

Ubaya wake wa kwanza ni bei ya siku ya kununua, ambayo ni mara mbili na zaidi. Kwa mwenye boti ambaye makuta yake ni ya deni, ama ya ushirika wa akina mama wauzaji, mwaka wa kumi uko mbali sana. Siwezi kumlaumu anayechagua risasi. Risasi nzuri, mpya, iliyowekwa vizuri, ni bora kuliko litiumu ya uongo.

Na ya uongo iko. Sanduku nzuri, rangi ya bluu, imeandikwa 100, ndani kuna chembe zilizotolewa kwenye vyombo vingine, ama nusu ya sanduku ni povu. Kipimo cha kwanza ni mzani: litiumu inayojiita amperi-saa 100 na ina kilo 5, si kweli, haiwezekani. Vilevile risasi ya 100 isiyofika kilo 20, iwekee mashaka. Kipimo cha pili kinaomba usiku mmoja: jaza batri kabisa, funga juu yake taa ya mbele ya gari ya wati 60, ambayo inakula amperi 5. Kwa batri ya risasi ya 100, baada ya saa 10 umetumia nusu. Toa taa, acha batri ipumzike masaa machache, kisha pima: volti 12,2 hivi ni nusu ya kweli. Ukikuta 11,8, batri imekwisha, na wewe umeuziwa namba tu. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kukujibu.

Tukiwa hapa, neno moja juu ya jambo ambalo linarudi kila mara katika maongezi yetu. Watu wanasemaka: batri zote za dunia zinatoka kwetu, na sisi tunazinunua ghali toka ngambo. Ni kweli kwamba Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na serikali ilisimamisha kuiuza inje tangu tarehe 22 Februari 2025, kisha ikaweka vipimo kwa kila kampuni tangu mwezi wa kumi mwaka uleule. Lakini batri ya chuma na fosfati, ile tunashauri kwa boti, haina kobalti hata kidogo. Kile kilicho ndani yake na ambacho kiko pia katika udongo wetu ni litiumu, kule Manono, katika jimbo la Tanganyika. Ni vizuri tujue tofauti, kwa sababu viwanda vikubwa vya batri hiyo vinaongezeka, na bei ya Kolwezi haitapanda kwa ajili yavyo.

Turudi ndani ya boti. Batri nzuri iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nayo, na hapa ndipo ninaona uvivu mwingi kuliko umaskini. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haina bei kubwa.

Batri iwe ndani ya sanduku, hata la mbao lililopakwa rangi na kuwekwa plastiki ndani ili kushika asidi, na ifungwe na mkanda usioachia. Boti ikilala upande, kilo 28 zinazotembea zinavunja miguu na zinamwaga asidi juu ya watu. Sanduku liwe chini na karibu na katikati kwa sababu ya uzito, lakini juu ya pale maji ya ndani yanaweza kufika. Batri ya risasi ikijazwa inatoa hewa ya hidrojeni, ambayo inapanda juu na inashika moto upesi. Kwa hiyo mfuniko uwe na matundu sehemu ya juu. Mvuke wa esanse, wenyewe, ni mzito, unashuka chini ya boti na kukaa pale. Tia mbali bidoni za esanse na batri, visilale chumba kimoja. Cheche moja ya waya unaolegea inatosha. Kila mmoja wetu amekwisha kuona boti ambapo nahodha amekalia batri na bidoni iko kati ya miguu yake.

Fyuzi. Sijui kwa nini mafundi wetu wanaichukia. Kitu cha bei ya soda. Batri ya amperi-saa 100, waya wake wa kuume na wa kushoto vikigusana, inaweza kutoa mamia ya amperi kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu kama makaa, na mbao zilizozibwa na lami ziko kandokando. Fyuzi inawekwa kwenye waya wa alama ya kujumlisha, karibu kabisa na batri, isipite sentimita 18 hivi, kwa sababu kipande chote cha waya kilicho kati ya batri na fyuzi hakina mlinzi. Ikiwekwa mbele karibu na taa, inalinda taa na kuacha boti iungue. Na ikikatika, usiweke kipande cha waya ama karatasi ya sigara ya fedha mahali pake. Tafuta kwanza ni nini kiliikata.

Unene wa waya ni mahali pengine ambapo makuta yanaibwa bila mtu kujua. Kwa volti 220 za nyumba, waya mwembamba unapita. Kwa volti 12, hapana. Tuseme pompi na taa za mbele zinakula pamoja amperi 10, na ziko mita 10 mbali na batri. Waya wa milimita 2,5, ule wa nyumba, utapoteza karibu volti 1,4 njiani, kwenda na kurudi. Batri inatoa 12, pompi inapokea 10,6, inazunguka kama mtu mgonjwa na kutoa maji kidogo, na mwenye boti anafikiri pompi imekufa. Waya wa milimita 6 unapoteza karibu volti 0,6. Wa milimita 10, volti 0,35. Waya uwe wa nyuzi nyingi zinazokunjika, si ule mgumu wa ukuta, kwa sababu boti inatetemeka na waya mgumu unakatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Na ukwaruze na kisu kabla ya kununua: nyaya mingi za sokoni ni aluminiumu iliyopakwa shaba, ndani ni nyeupe. Hizo uache.

Pompi ya maji iwe na waya wake wenyewe, na fyuzi yake yenyewe, moja kwa moja toka batri, pamoja na kile kiolea kinachoiwasha maji yakipanda. Isipite kwenye swichi kubwa ya boti. Kwa nini? Kwa sababu boti mingi zinazama zikiwa zimefungwa bandarini, usiku, nahodha amezima yote na kwenda kulala kwake.

Kuhusu kujaza batri, kuna njia mbili na inafaa kuwa na zote. Moteri za nje za ukubwa wa farasi 40 zinatoa amperi chache tu, mara nyingi kati ya 6 na 15, wakati zikizunguka kwa nguvu. Kwa batri ya 100 iliyoshuka nusu, safari ya saa tatu haiirudishi. Moteri ya mazutu yenye alternateri kubwa inafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo pano ya jua juu ya paa haiko mapambo. Kwa ile hesabu yetu ya wati-saa 488, ukiongeza kile kinachopotea njiani unafika kama 650. Kwa jua la saa nne nzuri kwa siku, inahitaji pano ya wati 160, na kwa sababu mawingu ya Kivu tunayajua sote, weka 200. Katikati iwe na regulateri iliyopangwa kwa aina ya batri yako: iliyopangwa kwa risasi haifai moja kwa moja kwa litiumu.

Na litiumu isifungwe tu juu ya alternateri ya moteri. Inakunywa amperi nyingi mno bila kupunguza, alternateri inapashwa moto mpaka inaungua. Ama kifaa cha ulinzi ndani ya batri kinakata kwa ghafla na kuharibu dayodi. Kuko kifaa cha kati cha kupunguza na kupanga. Kama hauwezi kukinunua, acha moteri ijaze batri ya kuwasha tu, na litiumu ijazwe na jua. Vilevile usichanganye batri ya zamani na mpya kwenye kamba moja: ya zamani itaishusha mpya mpaka zilingane, na zitalingana kwa uchakavu.

Baki swali la nani anaangalia haya yote. Usafiri wa mito na maziwa ya Kongo uko na sheria yake tangu mwaka 1966, na wakaguzi wako kwenye bandari. Mkaguzi anapopanda anaomba karatasi, anahesabu jile, wakati mwingine anahesabu watu. Mlango wa sanduku la batri, ni nadra mtu kuufungua. Hakuna anayemuomba nahodha azime moteri, awashe taa za alama na pompi kwa dakika kumi, apime volti mbele ya wote. Kipima volti kinauzwa kila soko la vifaa vya umeme, na kukitumia hakuombi diploma: batri ya risasi iliyojaa na iliyopumzika inaonyesha 12,7. Ikionyesha 12,0 saa kumi na mbili jioni, kabla ya safari ya usiku, safari ile ingengoja. Ushirika wa wenye boti ungeweza kuanza na hicho bila kungoja Kinshasa. Msafiri pia anaweza kuuliza kitu kimoja kabla ya kulipa: taa za alama ziwashwe sasa, moteri ikiwa imezimwa. Jibu linaonekana kwa macho.

Wamiliki watasema kwamba tozo za bandari ni mingi, kwamba kila ofisi inaomba lake, na kwamba hawana kitu kinachobaki kwa ajili ya sanduku na fyuzi. Kilio hicho kina ukweli ndani yake. Lakini sanduku, mkanda, fyuzi mbili na mita chache za waya mnene vyote pamoja havifiki bei ya zile spika. Uchaguzi umekwisha kufanywa mahali fulani, na haukufanywa na ofisi.

Jambo la mwisho linahusu hata wale ambao hawapandi boti. Batri ya risasi ikikufa, inaenda wapi? Kwa sasa inaenda kwa vijana wanaoipasua kwa nyundo, wanamwaga asidi pale walipo, wanayeyusha risasi juu ya moto wa makaa ili kuiuza kwa kilo ama kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi wake unaingia katika damu ya watoto wanaocheza karibu, na risasi haitoki mwilini kwa urahisi. Ile asidi yenye risasi inateremka ziwani, na katika Goma familia nyingi zinachota humo maji ya kunywa na kupika, kwa bidoni za njano, mita chache toka pale boti zinatengenezwa. Wauzaji wengine wanachukua batri ya zamani na kupunguza bei ya mpya, kisha wanaipeleka nzima kwa wanunuzi wa mbali. Uliza hivyo kabla ya kulipa, na upeleke batri yako bila kuifungua.